Kiti cha Dada, Mabomba ya Shemeji na Titaniamu Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kiti cha magurudumu cha dada nitakitengeneza mimi. Si shemeji.

Hali ilivyo: dada yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, hajatembea tangu alipoanguka ngazini miezi minane iliyopita. Kiti anachotumia ni cha hospitali, nao wanakitaka Ijumaa ya tarehe 14. Shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe 17, na ameshamwambia mwalimu mkuu kwamba anarudi darasani. Zimebaki siku kumi na moja za kumpatia kitu cha kukalia.

Jana tulikula kwao. Mumewe akasema, polepole kama anavyosema kila kitu, kwamba atamtengenezea kiti kwa stenlesi iliyobaki kazini. Shemeji ni fundi wa masinki na meza za jikoni. Maisha yake yote ni stenlesi, kile chuma king'aacho kisichoshika kutu. Watu wakamtazama kana kwamba amejitolea figo. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba stenlesi ni mzigo, na kwamba mimi nitatengeneza kiti cha titaniamu, chenye uzito wa nusu na kidogo tu. Dada akasema makalio yake yanatosha kiti kimoja. Mke wangu akainamia sahani yake.

Niandike ukweli, maana humu nasoma mwenyewe: mimi si injinia. Ni mtunza ghala wa kiwanda cha karatasi. Ila nyumbani wananiita Injinia. Najua wanamaanisha nini. Lakini jina likikukaa miaka kumi na tano, linaanza kukutuma kazi.

Jumanne, 4 Juni

Titaniamu ipo. Nyuma ya ghala langu, chini ya turubai, kuna mabomba yaliyobaki walipobadilisha mtambo wa kupaushia karatasi. Humo hupita dawa kali ya klorini. Zamani yalikuwepo mabomba ya stenlesi, yakatoboka kama chujio. Wakaleta ya titaniamu, na mpaka leo ni kama yametoka dukani asubuhi. Nilimweleza meneja haya yote kwa barua ya kurasa mbili. Akasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, akauliza kama nataka vile vyuma vya chini ya turubai. Nikasema ndiyo. Akasema niviondoe, vinamzuia kuegesha gari.

Mzee wa Leti, fundi wetu mkongwe wa mashine ya kuchongea vyuma, alinikuta nikiyabeba. Mabomba manne begani, natembea kama mtu aliyebeba miwa. Akauliza nitayaungaje. Nikasema kwa kuchomelea. Akanieleza, kwa urefu usio wa lazima, kwamba titaniamu ikiwa baridi haiogopi kitu, lakini ikipata moto hunywa hewa, na ikishainywa hukauka ikawa kama kigae. Kwa hiyo ni lazima uifunike kwa gesi ya agoni mpaka ipoe, nje na ndani ya bomba pia. Aliposema agoni nikawa nimeshaelewa. Mtungi uko karakana ya kiwanda.

Jioni niliazima kwa shemeji kipande cha bomba lake bila kumwambia sababu. Nikapima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu. Nusu mita kwa nusu mita, unene uleule. Stenlesi gramu mia tatu. Titaniamu mia moja na sabini.

Nimerudia mara tano, kwa raha tu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda kumpima dada. Upana wa nyonga, urefu wa mapaja, kimo cha mkono. Alikaa ametulia kama mtu anayepimwa gauni, akanisahihisha mara mbili nilipoandika namba vibaya. Aliuliza kama nina chochote cha kumuuliza yeye. Nikasema vipimo vyote nimeshachukua.

Kabla sijaondoka nilipitia karakana ya shemeji uani. Fremu yake imeshasimama. Viungo vimenyooka, vya rangi ya fedha, vidogo kama mshono wa fundi nguo. Iliniuma kidogo. Kwa bahati nilikuwa na sumaku mfukoni. Kila mtu anajua stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Nikaipitisha kwenye fremu. Haikushika. Nikaipitisha kwenye kona alipopinda bomba. Ikavutwa. Kidogo, lakini ikavutwa.

Nikaenda sebuleni kumwarifu dada, kwa masikitiko, kwamba huenda mumewe ameuziwa bandia. Shemeji alikuwa nyuma yangu anafuta mikono. Akaeleza kwamba stenlesi ya aina hiyo ukiipinda ikiwa baridi, pale ilipopindwa huanza kupenda sumaku kidogo. Ni halisi. Akaomba sumaku yangu aitazame, akaisifu, akanirudishia. Dada akauliza kama sumaku inashika titaniamu. Nikasema haishiki. Akasema basi hicho kipimo hakitenganishi kitu na kitu, na kwamba mwanafunzi wake wa darasa la sita angeliona hilo.

Jumamosi, 8 Juni

Kutoboa matundu. Drili tatu zimekufa. Zote za shemeji.

Mzee wa Leti alikuwa amesema nizungushe polepole, nikandamize kwa nguvu, na nimimine mafuta kila wakati, kwa sababu titaniamu haisambazi joto, joto lote hubaki pale kwenye ncha. Mimi niliona polepole itanimalizia siku. Nikazungusha kwa kasi. Drili ya kwanza ikawa nyekundu, ya pili ikawa butu, ya tatu ikakatikia ndani na bado imo. Nimehesabu tundu hilo kuwa limekamilika.

Jioni nimeanzisha jaribio la kisayansi. Nimetumbukiza kijiko cha stenlesi na kipande cha titaniamu kwenye bakuli la dawa ya kupaushia nguo iliyotiwa chumvi. Tuone nani atabaki mzima.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi. Kijiko kimetoka madoa ya kahawia na vitundu vidogo kama vya sindano. Titaniamu hata haijui kama iliingia majini. Nilikwenda moja kwa moja kwa dada na bakuli mkononi. Alitazama kijiko kwa muda. Akauliza ni wanafunzi wangapi, kwa makadirio yangu, watakaommwagia dawa ya kupaushia siku tatu mfululizo. Shemeji akasema kwa haki kabisa kwamba jaribio ni zuri, na kwamba baharini au kiwandani kwangu hata yeye angechagua titaniamu. Huyu mtu hagombani. Inachosha.

Kijiko kilikuwa cha seti ya harusi yetu. Mke wangu amekiweka mezani mbele ya nafasi yangu, na ndicho nitakachotumia kulia chakula.

Mchana wa leo nimechomelea fremu. Sijawahi kuchomelea, lakini nimetazama wachomeleaji kwa miaka kumi na mmoja kupitia dirisha la ghala. Agoni nilielekeza nje ya bomba. Ya ndani niliiacha. Nani ataona ndani? Na viungo vikatoka vya ajabu: bluu, zambarau, pengine kijivu cheupe kama majivu. Shemeji vyake ni fedha tupu, havina hata pambo. Nikamwita Mzee wa Leti ajionee. Akavaa miwani. Akavua. Akasema rangi hizo ni hewa iliyoingia, kwamba kiungo kizuri cha titaniamu hubaki cheupe kama fedha au kikawa na umanjano kidogo. Akanishauri nigonge kila kiungo kwa nyundo kabla mtu hajakalia.

Sikugonga. Mtu hagongi kazi yake kwa nyundo.

Jumatano, 12 Juni

Kiti kimekamilika. Magurudumu, kitambaa, kila kitu. Kilo nane na nusu. Nimekinyanyua kwa mkono mmoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mara ya mwisho mbele ya dirisha la jirani.

Nimekikalia. Kinanesa. Mzee wa Leti akasema ndivyo ilivyo: titaniamu ina nguvu, lakini bomba la ukubwa uleule hunesa karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana wanaojua hutumia bomba nene zaidi. Nimeamua kuuita mneso huo starehe. Nitamwambia dada kina springi za asili.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika taratibu. 

Nilikipeleka saa kumi jioni, nimekifunika shuka. Cha shemeji kilikuwa pembeni, kimesuguliwa kinang'aa. Dada akahama kutoka kiti cha hospitali hadi changu kwa mikono yake mwenyewe. Akasukuma mara moja tu, kikateleza mpaka katikati ya sebule. Uso wake. Sijauona uso huo tangu alipoanguka. Akazunguka meza. Akazunguka tena, kwa kasi, akicheka kama msichana, akasema, "Mdogo wangu, hiki hakina uzito kabisa."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatabasamu. Kwa kweli alikuwa anatabasamu, naandika hivyo kwa sababu nilitegemea vingine.

Halafu dada akaelekea jikoni. Magurudumu madogo ya mbele yakagonga kizingiti, kitu cha kimo cha vidole viwili. Sauti ilikuwa ndogo, kama biskuti inavunjwa. Upande wa kushoto ukaachia pale kwenye kiungo changu kizuri kuliko vyote, cha zambarau. Dada akaenda nao. Shemeji alimdaka begani na kiunoni kabla hajafika chini. Sijui alivukaje chumba kile. Mtu ambaye kusema "karibu" humchukua nusu dakika.

Hakuna aliyepiga kelele. Mke wangu alimletea dada maji. Mimi niliokota kipande cha bomba nikakitazama. Kilikuwa kimekatika safi, bila kupinda hata kidogo.

Nilisema samahani. Dada akasema hajaumia. Nikasema tena. Akasema amesikia.

Shemeji alinisindikiza mpaka getini. Nilingoja maneno. Akaniambia kwamba usiku wa kuamkia Jumatano alikaa kwenye kiti chake na mfuko wa saruji mapajani, akajidondosha nacho kwenye ngazi ya uani mara ishirini. Mgongo bado unamuuma.

"Kwa nini hukuniambia na mimi nijaribu changu hivyo?" nikamuuliza.

"Ungekubali, shemeji?"

Nikaanza kufungua geti.

"Mimi niliogopa kisije kikavunjika," akasema. "Wewe uliogopa kisije kikamlemea. Wote tulikuwa na hofu juu ya mtu mmoja."

Ijumaa, 14 Juni

Kazini nilichukua nyundo nikagonga viungo vilivyobaki. Saba kati ya kumi vikakatika. Mzee wa Leti alikuwepo, akafagia.

Mfanyakazi wa hospitali alikuja mchana kuchukua kiti chao. Kwa hiyo sasa dada yuko kwenye cha shemeji. Nilipopita jioni kuomba radhi mara ya nne, nilimkuta amekaa juu yake barazani, mikono mapajani. Nikasema angalau hiki ni imara. Akakubali. Akasema unaweza kupandisha lori juu yake. Kisha akaniambia kitu ambacho naona hakumwambia mumewe.

Mwalimu mwenzake ndiye atakayempeleka shule kwa gari lake. Huyo mama ana mgongo mbaya. Kila siku, mara mbili, kiti lazima kifunguliwe: mikono ya kiti, kikanyagio cha miguu, egemeo. Dada atakaa kiti cha mbele cha gari na kuvuta kila kipande mapajani mwake; fremu tupu mumewe ataipakia nyumbani, na mlinzi ataishusha shuleni. Amejaribu leo akiwa peke yake. Kikanyagio kimemshinda. Amekiangusha kwenye vidole vyake, akashukuru Mungu kwamba havisikii kitu, halafu akalia, kwa sababu havisikii kitu.

"Umemwambia shemeji?" nikauliza.

"Amekisugua siku tatu kile kiti. Nitamwambiaje?"

Nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa na mpango wowote. Ni mara chache sana hali hiyo hunipata.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia shemeji. Si siri yangu, najua. Lakini kufikia asubuhi nilikuwa nimeshindwa kuitunza.

Hakukasirika. Aliweka chini kitambaa chake, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya dada, akamuuliza anataka kiti cha namna gani. Hivyo tu. Nikatambua kwamba katika siku kumi na mbili za vita vyetu, hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Dada akaomba karatasi. Ni mwalimu, hawezi kujibu bila karatasi. Akachora kiti, akapiga mstari katikati, akaanza kugawa. Fremu, ekseli, sehemu inayobeba uzito wake wote na kugonga vizingiti: stenlesi, na ichomelewe na mtu anayejua kuchomelea. Hapa hakunitazama. Mikono ya kiti, kikanyagio, egemeo: titaniamu, ipindwe na kufungwa kwa bolti, isichomelewe popote.

Shemeji akauliza kwa nini asitumie metali moja tu, mambo yawe rahisi.

"Kinachonibeba mimi kiwe chako," dada akasema. "Ninachokibeba mimi kiwe cha mdogo wangu."

Shemeji akaitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina mabomba yaliyobaki. Ninayo mengi.

Jumapili, 16 Juni

Kutwa nzima uani kwa shemeji. Tumekata fremu yake na kuifupisha, ametoa kila kipande ambacho dada alikipigia alama ya kosa kwenye mchoro. Nilimwona akikata kazi aliyoisugua siku tatu. Hakusita. Mimi ningelihitaji kwenda kutembea kidogo.

Kisha titaniamu. Kuipinda ni kazi ya subira. Unaipinda mpaka hapa, ukiiachia inarudi nusu ya njia. Inabidi uipitilize ndipo ikae unapotaka. Shemeji akasema amewahi kujua watu wa hivyo, unawapinda, wanaitikia, ukigeuka wamerudi walivyokuwa. Mimi sikumkumbuka yeyote.

Nimetoboa matundu polepole, na mafuta. Drili moja tu, tangu asubuhi, na bado ina makali. Shemeji alimimina, mimi nikakandamiza.  Dada tulikuwa tumemkalisha karibu yetu kwenye kiti cha plastiki; kwenye saa nane alitumiminia chai kwenye trei aliyoiweka mapajani, akaendelea kusahihisha madaftari ya zamani, akituangalia kwa juu ya miwani kama wanafunzi wawili waliokaa dawati moja kwa adhabu.

Tulipomaliza tukapima vipande vya kubeba. Vya mwanzo vilikuwa kilo sita. Sasa ni tatu na robo. Shemeji akajidondosha na saruji yake ngazini mara ishirini. Safari hii na mimi nikafanya mara ishirini. Sasa naelewa kuhusu mgongo.

Jumatatu, 17 Juni

Niliomba ruhusa ya saa moja kazini nikasimama ng'ambo ya lango la shule. Gari likaingia. Mlango ukafunguka, mlinzi akashusha fremu. Dada akakipachika kikanyagio, mkono mmoja, huku anaongea na mtu upande wa pili. Egemeo. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Hakuviangalia hata kidogo, kama mtu anavyovaa viatu. Akahamia kitini, akaufunga mlango mwenyewe, akaenda.

Hakuniona. Nilikuwa nimejipanga kupunga mkono. Nikabaki nimesimama pale hadi kengele ilipolia, kisha nikagundua kwamba shemeji alikuwa amesimama kwenye kona ya pili ya ukuta, kitambaa chake mkononi. Tukatembea pamoja hadi njia panda. Yeye alikuwa na la kusema, naona, lakini njia panda ilifika kwanza.

Alhamisi, 20 Juni

Siku tatu za kutafakari. Nimejifunza mambo mazito na nataka yaandikwe.

Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la titaniamu. Ni nzuri, sikatai, lakini ina masharti mengi mno, na kwa kweli si nyepesi kiasi hicho. Leo nimesoma habari za metali iitwayo magnesi. Uzito wake haufiki hata nusu ya titaniamu. Inachongeka kama sabuni. Nimemuuliza Mzee wa Leti kama kiwandani ipo. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya fimbo. Akaanza kueleza habari za vumbi lake na moto, lakini kengele ya chakula ikalia nikawa nimeshapata picha.

Fimbo ni ya mama mkwe. Nitamkabidhi mbele ya watu wote wiki ijayo, anapokuja kutusalimu. Hajawahi kutumia fimbo, wala hajasema anaihitaji, na juzi mke wangu kasema mama yake bado anapanda ngazi mbili mbili. Kwa hiyo siwezi kumuuliza chochote, atashtukia. Urefu nimeukadiria kwa picha ya harusi, kwa kumlinganisha na mlango.